Godoro la Mfuko Mmoja

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa watoto. Barua hii ina ombi, na nitalitanguliza kabla sijaona aibu: nataka unichagulie godoro la kujaza upepo, la kulalia ndani ya gari.

Najua maswali yameshakujaa mdomoni. Ofisi imelichukua lile pikapu letu la zamani na kunipa gari la umeme, jeupe, refu kiasi, lenye mlango mpana nyuma. Halina muungurumo. Unaliwasha halafu unabaki unajiuliza kama umeliwasha kweli. Uzuri wake ni kwamba linaweza kupuliza hewa ya baridi usiku kucha kwa betri yake na hakuna jirani atakayelalamika.

Kanuni ya sisi wakaguzi wa mizani unaijua: mawe ya kupimia hayalali peke yake. Mkaguzi hulala yalipo mawe, basi. Masanduku ni mazito, na nyumba za wageni siku hizi vyumba vyote viko ghorofani. Zamani mume wangu alikuwa akiyapandisha begani huku akipiga mluzi, na mimi nikimfuata nyuma na funguo. Sasa ofisi imenipa kitoroli badala ya mtu, na kitoroli hakipandi ngazi. Kwa hiyo nalala garini. Wiki hizi nimelalia blanketi na mgongo umenigomea.

Nataka godoro la mtu mmoja, la upande wa kulia tu. Upande wa kushoto yanakaa masanduku.

Simu sipokei tangu tumzike, nisamehe. Sauti za watu zinanichosha, lakini barua naweza kuisoma polepole. Binamu hupita na vifurushi kwenye vituo vya kuchaji ninakosimama, mpe yeye.

Mdogo wako,
Mkaguzi


8 Machi

Mdogo wangu,

Umekaa kimya muda wote huo, halafu unaibuka na godoro. Haya. Bora umeibuka.

Mteja akija karakanani kwetu akasema anataka godoro la gari, mimi humhoji kama daktari. Viti vya nyuma vinalala kabisa au vinabaki na kilima? Matairi yamechomoza ndani kiasi gani? Kuna pengo nyuma ya kiti cha dereva? Wewe sikuulizi, maana najua hutajibu. Nilimtuma binamu akapime gari kama lako kituoni. Mwenye gari alitoka msalani akamkuta mtu amelala chali nyuma na tepu ya kupimia, na nusura waitiwe askari.

Gari lako lina bahati. Betri imelala chini, sakafu ni bapa, hakuna mahali pa kukuvunja kiuno. Nimekuchagulia godoro jembamba. Watu wengi hupenda nene kama keki ya harusi, halafu wakiinuka asubuhi wanapiga kichwa kwenye paa. Uso wa juu nimeweka kitambaa, kwa sababu plastiki tupu inalia kila ukigeuka. Na usilijaze likakaza. Gari likipigwa na jua upepo wa ndani unavimba, na mshono wangu hauna kosa lakini hauna miujiza.

Sasa ombi langu mimi. Chumba cha nyuma bado ni kitupu, dirisha nimelipaka rangi. Achana na hizo safari. Wamtafute mtu mwingine wa kuzunguka na mawe yao. Njoo ukae na mimi, ule, unenepe, unigombeze kwa kuacha taa zinawaka. Nilimzika shemeji yangu na nikarudi nyumbani bila wewe, na hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Dada yako mkubwa


19 Machi

Dada,

Godoro limefika na ni zuri, sitaki uone sina shukrani. Lakini kila asubuhi naamka nimebanwa mlangoni, bega limeingia kwenye kishikio, kama mtu aliyesukumwa taratibu usiku kucha. Nilidhani gari limeegeshwa pembe, nikaweka pimamaji yangu ya kazini sakafuni. Liko sawasawa kabisa.

Nimehamisha masanduku ya mawe. Yako mbele sasa, kwenye kiti cha abiria na pale pa kuwekea miguu. Nyuma yote iko wazi. Naomba unitumie godoro zima, la watu wawili. Hili dogo nitampa binamu alirudishe.

Nalala vizuri kuliko nilivyolala wakati wowote tangu msiba, ukiacha hilo bega. Chumba cha nyuma nakushukuru. Kwa sasa bado sijafikiria. Usijali.

Mdogo wako


22 Machi

Wewe mtoto,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Godoro la watu wawili. Halafu unaniambia nisijali. Mimi sijali, mimi nimecheka mpaka fundi mwenzangu ameacha kazi akaja kuuliza kuna nini.

Jina lake sikuulizi. Nauliza kazi yake tu, na kama anakoroma, maana ndani ya gari hakuna pa kukimbilia. Shangazi nimemdokeza kidogo. Usinikasirikie, unajua mdomo wangu hauna kufuli. Ameshaanza kuuliza watu wa kwao ni akina nani.

Nikueleze ulichochaguliwa. Magodoro ya wawili yako aina mbili. La mifuko miwili lina ukuta katikati, kila mtu na upepo wake, huyu akigeuka yule hana habari. Hilo nawauzia waliooana siku nyingi. La mfuko mmoja upepo ni wa pamoja. Mzito akilala anazama, mwepesi ananyanyuliwa juu, na asubuhi wote wamekutana katikati wapende wasipende. Nimekutumia la mfuko mmoja. Sikukuuliza na wala sitakuuliza.

Utani kando. Alikufa mumeo, hukufa wewe. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba mmekwenda wote wawili. Naandika haya machozi yananitoka, na ni ya furaha.

Dada yako mwenye mdomo


2 Aprili

Dada,

Tafadhali mwambie Shangazi hakuna mwanamume. Hakuna mtu mpya. Nitakueleza, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunitafutia daktari.

Najilaza upande wangu wa kulia, nazima taa, gari linapuliza hewa yake. Muda kidogo tu, upande wa kushoto unazama, na mimi nanyanyuka. Haji kwa kishindo. Ni kama ulivyoandika, kama mtu mzito anapokaa kwanza ukingoni, akavua viatu, kisha akalaza mgongo. Tena kuna kule kusita katikati, Dada. Mume wangu alikuwa na mgongo mbovu kwa sababu ya mawe. Hakuwahi kulala chini kwa mara moja. Alikuwa anafika nusu, anavuta pumzi, ndipo anamalizia.

Kazi yangu ni kutoamini. Mizani ikisema kitu, mimi huuliza kwa nini. Nimelipaka godoro povu la sabuni kutafuta tundu, sikuona. Nimelala na kiyoyozi, nimelala bila kiyoyozi. Nimegeuza gari likatazama upande mwingine. Siku moja nililala mimi upande wa kushoto, na ukazama wa kulia. Nikarudi kwangu haraka, kwa sababu nilijihisi nimemkalia mtu kwenye nafasi yake.

Sijageuka kutazama. Nanyoosha mkono kidogo na sipapasi mbali. Kilichokuwa kinanisukuma mlangoni kwenye godoro dogo ni kukosa nafasi tu, maskini, alikuwa anabanana na masanduku. Sasa ana nafasi yake na mimi nina yangu.

Nina furaha. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia, na ndivyo lilivyo.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Nilitaka nianze na utani nikashindwa.

Nisikilize kwanza kama fundi. Plastiki hulegea kwa joto. Hewa hujikunja kwa baridi ya usiku. Mtu akiwa na huzuni analala vibaya na kuota huku macho yakiwa wazi. Ndivyo nilivyojiambia. Halafu nikajaza godoro kama lako hapa karakanani nikalala upande mmoja, wenzangu wakanicheka. Halikuninyanyua. Walipotoka kwenda kula nikalala tena, nikazima na taa. Halikuninyanyua.

Kuna jingine. Binamu alikuona kituoni alipokuletea kifurushi. Anasema nguo zinakuning'inia kama ziko kwenye msumari. Anasema ulivuka barabara, lori likapita, na upepo wake ukakusogeza. Alilisema hilo akijaribu kucheka na hakuweza. Mdogo wangu, sisi kwetu hakuna mtu mwembamba. Mama alikuwa anapita mlangoni kwa ubavu.

Wewe ni mkaguzi. Panda juu ya mizani yako mwenyewe, uniambie inasema nini. Usinidanganye, na usinipunje.

Na kama ni shemeji kweli, basi alinipenda mimi pia. Mwambie amwachie mdogo wangu alale.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Nimepanda. Mwaka jana nilikuwa na kilo sabini na mbili, ulinitania kwa hizo kwenye harusi ya binti wa Shangazi. Sasa sijafika hamsini. Niliihakiki mizani kwa mawe kabla na baada. Haina kosa.

Kisha nikalipitisha gari kwenye ile mizani kubwa ya barabarani inayopima malori. Nililipitisha pale siku ya kwanza nilipokabidhiwa, nikiwa ndani, na mawe yote. Nikalipitisha tena vile vile. Uzito haujapungua hata kidogo. Nikamwomba kijana wa zamu arudie, akarudia, ukawa ule ule. Kilichonitoka mimi, Dada, hakijatoka nje ya gari.

Nilikaa na hesabu hiyo mchana kutwa, na unajua sikuogopa. Unakumbuka alivyokwisha. Mtu aliyekuwa akibeba sanduku la mawe kwenye kila bega. Siku za mwisho hospitali nilimnyanyua mimi mwenyewe kumbadilishia shuka, kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikatandika. Muuguzi alitaka kunisaidia na hakukuwa na cha kusaidia. Hilo ndilo lililonivunja, kabla hata hajafa.

Sasa kila akilala anakuwa mzito kuliko jana. Ninanyanyuliwa mpaka pua inakaribia paa, nabaki nacheka peke yangu juu huko. Shimo la upande wake halijai tena mchana. Naendesha nikiliona kwenye kioo, refu, lenye mabega. Kuna mahali kisogo kinapokaa.

Usiniambie nirudi nyumbani. Bado nina vingi vya kumpa.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekuelewa. Sitakugombeza.

Godoro linalotumika kila siku huchoka, na lako nimeambiwa limeanza kulegea mishono. Nimekushonea jipya kwa mkono wangu mwenyewe. Ni rangi ile ile, upana ule ule, valvu moja ya kujazia upepo, upande wako wa kulia kama ulivyozoea. La zamani mpe binamu. Nimemwambia asiondoke mpaka amelipakia.

Nimekuwekea mikate, mayai ya kuchemsha na chupa ya asali. Kula, tafadhali. Kula hata kama huna njaa.

Kuna wateja wananisubiri.

Dada yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nimeandika mara moja tena kupitia ofisini kwenu, wakasema kazi inaendelea, taarifa zinafika, hawana wasiwasi na wewe.

Jana binamu alikutana na gari lako barabarani, likija upande wake. Kwenye usukani alikuwa mwanamume. Binamu akapiga honi, kama anavyokupigia wewe, na yule mtu akanyanyua mkono. Binamu hakusimama. Amekuja moja kwa moja kwangu, amekaa kwenye kiti cha wateja, chai imepoa mbele yake. Namuuliza anafanana na nani, hataki kusema. Binamu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Ni nani anaendesha gari lako? Nijibu hata kwa neno moja.

Dada yako


9 Mei

Mama Sindano,

Hakuna mwingine aliyewahi kukuita hivyo, kwa hiyo umeshajua ni nani. Nakuomba ukae chini kwanza.

Nisamehe mwandiko, vidole vimesahau. Nilikokuwa sitakueleza. Si siri, ila hakuna la kueleza. Nakumbuka baridi, na baadaye joto la mgongo wa mdogo wako. Nikalifuata, kama ambavyo mtu yeyote angelifuata.

Mwanzo sikujua kwamba nachukua. Nilipojua nikaanza kurudisha. Kabla hajaamka nilikuwa nasogea ukingoni, najikunja, najifanya mdogo, ili upepo urudi upande wake na uzito wake urudi nao. Mwingi ulikuwa unarudi. Si wote, kwa sababu mwenyewe alikuwa anang'ang'ania nisirudishe. Unamjua alivyo akishaamua.

Ndipo likaja godoro jipya. Siku ile ya kwanza alinipa kila kitu. Nilipotaka kurudisha, hakikurudi kitu. Nikasogea mpaka nikaanguka kwenye pengo la mlangoni, na bado hakikurudi. Nimelipapasa hilo godoro. Kuna ukuta ndani, na kwenye ukuta kuna vitu vinavyoruhusu upepo uje kwangu na kuukataza kurudi. Nadhani ulikusudia mema.

Yeye yupo. Usilie kwanza, yupo. Yuko upande wake, amelala, na godoro halina hata mkunjo pale alipolala. Nikitaka kufungua mlango namfunika kwanza blanketi zito, naogopa upepo wa nje. Anapumua. Juzi alisema kitu nikainamisha sikio. Alikuwa ananiuliza kama nimeyahesabu mawe.

Kazi yake naifanya mimi. Nimekagua mizani ya masoko mawili na hakuna aliyeniuliza kitu. Watu huyatazama mawe, hawamtazami anayeyashika. Mikate yako nimeila yote, na asali nimeilamba na kidole.

Na nikwambie ukweli, Mama Sindano. Nikiendesha na jua likanipiga mkononi pale dirishani, nasahau kila kitu. Nasahau kwamba kuna mtu nyuma. Jana nilisahau kwa muda mrefu kuliko juzi. Ndiyo maana naandika leo. Nitumie la mfuko mmoja kabla sijaacha kuliomba.

Shemeji yako


12 Mei

Shemeji,

Nimelia, kisha nikawasha pasi ya kuunganishia plastiki. Mshono umekwenda kombo kidogo pembeni, utauona. Hauvuji.

Ni mimi. Niliweka ukuta kwa siri ili ukae upande wako usimguse. Lakini valvu ni moja na iko upande wake, kwa hiyo nikaacha vitundu ukutani vyenye ulimi wa mpira, pampu ikijaza kwake upepo upite ukajaze na kwako. Ulimi ule hufunguka upande mmoja tu. Nimeshona magodoro nusu ya maisha yangu, na nilikuwa nawaza kuzuia. Sikuwaza kwamba nilichozuia ni kurudi tu.

Hili ninalotuma halina ukuta. Nimeingiza tochi ndani nikatazama kabla sijalifunga. Binamu ataliacha kando ya mashine ya kuchaji kisha ataondoka. Usimwite, ana hofu, na ana watoto wadogo.

Lijaze, usilikaze. Mlaze yeye katikati. Wewe lala ukingoni, ukingoni kabisa, na ukihisi umefika ukingo uendelee kusogea.

Najua unachoniuliza bila kukiuliza. Najua mkate ni mtamu na jua ni tamu. Ulikuwa ndugu yangu kuliko ndugu niliozaliwa nao. Siku ya mafuriko ulimbeba mama yetu mgongoni, na uzito wake unaujua, na ulifika ng'ambo unamchekesha. Kama kungekuwa na namna ya kushona la watatu ningelishona, ningekesha nikilishona. Nimefikiria, Shemeji. Siwezi kusema sikufikiria.

Lakini wewe tulikuzika. Nilisimama pale mpaka mwisho. Yeye hatujamzika, na mimi sitamzika.

Sogea.

Mama Sindano


20 Mei

Dada,

Nimeamka nimezama mpaka mgongo unagusa sakafu ya gari. Upande wa kushoto ulikuwa umenyanyuka juu, umejaa, laini kama haujawahi kulaliwa. Nilinyoosha mkono, na safari hii nikapapasa mbali. Nikapapasa mpaka mlangoni.

Mlango ulikuwa umefungwa nisipigwe na baridi. Masanduku ameyafuta vumbi na kuyasogeza karibu, vishikio vikitazama upande wangu ili nisijikunje sana kuyanyanyua. Barua uliyomwandikia ilikuwa juu ya masanduku, imekunjwa vizuri. Nimeisoma.

Nilikukasirikia asubuhi nzima. Nilikuandikia maneno ambayo hutayaona, nikayachana. Kisha njaa ikanikamata, njaa ya aibu, nikala kwenye kibanda cha kituoni nikiwa nimesimama. Nikaagiza tena. Muuzaji alinitazama nalia na kutafuna akaniongezea chai.

Nimepanda mizani. Uzito umerudi wote. Nimeihakiki kwa mawe mara nyingi, nikitumaini kuna kosa, kwamba amebaki na kilo moja, nusu kilo, kiasi tu cha kumwacha mtu ajue aliwahi kulala na mtu. Hakubakiza kitu.

Gari liko hapa kituoni, limejaa chaji, na siwezi kuliendesha. Mikono ni mizito. Miguu ni mizito. Sikumbuki kama niliwahi kuwa mzito hivi. Njoo unichukue, Dada.

Mdogo wako